Salamu Kutoka kwa Fundi

Kuna waliojaliwa sauti ya kuimba, kuna waliojaliwa mkono wa kupika, na Bi Salamu alijaliwa kudai. Usicheke. Kudai ni kipaji, tena ni adimu kuliko kuimba, maana mwimbaji mbaya huzomewa tu, lakini mdai mbaya hukosa pesa na rafiki kwa siku moja. Bi Salamu aliweza kumkumbusha mtu malipo yake mara tisa ndani ya mwezi mmoja, na mara ya kumi mtu huyohuyo akamuuliza mama mzazi anaendeleaje.

Kazi hiyo aliifanyia katika chumba cha nyuma ya duka la picha za pasipoti. Kilikuwa na meza moja, viti viwili, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Juu ya meza zilikaa simu nne, kila moja imebandikwa plasta mgongoni na kuandikwa kwa kalamu nene: GESI, MSHONAJI, MAJI, MAKOCHI. Hao walikuwa wafanyabiashara wadogo wanne waliomkabidhi laini zao. Wateja wakichukua mali na kuahidi kulipa kidogo kidogo, yeye ndiye aliyewaandikia meseji, akapokea picha za miamala, akahakikisha kwamba pesa imeingia kweli na si picha tu iliyoingia, akashukuru, akapanga tarehe nyingine. Katika kila kumi alipata moja. Hakutajirika, lakini alilipa kodi na kununua dawa ya macho ya mama yake.

Wateja hawakumjua, na hilo ndilo la kushika katika habari hii. Kila mteja aliamini anaandikiana na mwenye biashara. Kwenye simu ya GESI, Bi Salamu alikuwa mwanamume wa maneno machache anayemalizia kila jambo kwa "sawa". Kwenye ya MSHONAJI alikuwa dada mwenye mapenzi tele, kila mteja kipenzi, kila gauni limemkaa. Kwenye ya MAJI alikuwa mzee aliyechoka. Mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli tu, alimsikiliza akijisomea meseji kwa sauti akasema, "Mwanangu, wewe siku ya kiyama utafufuka watu wangapi?"

Alikuwa na kanuni zake. Bila salamu hakuna pesa. Neno deni halikuandikwa kamwe. Kilichoandikwa ni "lile jambo letu". Mtu hakumbushwi Jumatatu asubuhi, maana hajarudiwa na roho. Mtu aliyebadilisha picha yake ya kwenye simu na kuweka nyeusi haambiwi kitu kwa siku saba, isipokuwa pole. Wenye maduka ya mtaani walimcheka, wakisema dawa ya deni ni kulipa na dawa ya mdaiwa sugu ni kelele. Lakini kelele zao hazikuleta kitu, na salamu zake zilileta.

Simu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya MAKOCHI.

Fundi makochi alikuwa na banda kando ya barabara, mwendo wa dakika tano kutoka pale. Alitengeneza makochi, vitanda na makabati, na mkono wake ulikuwa wa haki. Angekutengenezea kabati la milango mitatu usione msumari hata mmoja. Ila Mungu alipompa mikono alisahau kumpa mdomo. Akikutana njiani na mdaiwa wake, yeye fundi ndiye aliyevuka barabara.

"Namwonea aibu," alimwambia Bi Salamu siku ya kwanza.

"Aibu aone yeye aliyechukua kabati!"

"Ni kweli, dada. Lakini haioni. Ndiyo maana inanibidi niione mimi."

Basi Bi Salamu akamtengenezea mdomo. Ndani ya simu ile fundi akawa mcheshi wa mji mzima. "Habari ya asubuhi, mama? Kochi langu halijambo? Lipe salamu za baba yake, na uliambie baba anaulizia posho ya mwezi huu." Wateja walicheka, na mtu akishacheka mkono wake hulegea. Halafu kulikuwa na ile ahadi aliyoiweka mwishoni mwa kila meseji: mguu ukilegea niite, mimi na vitu vyangu hatuachani. Watu walilipa kwa ajili ya ahadi hiyo. Kitanda chenye fundi wake si sawa na kitanda yatima.

Kila jioni fundi alipita chumbani pale, maranda yamemganda kwenye nyusi, akakaa kwenye kile kiti cha pili na kuuliza, "Leo nimesema nini?" Bi Salamu alimsomea. Fundi alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, akishangaa jinsi alivyo mchangamfu. Mambo yakawa hivyo miaka sita. Najua msomaji mwenye macho ya pembeni ameshaanza kuwaza mambo. Hapana. Fundi alikuwa na mke wake na pacha wake wawili, Bi Salamu alimwita mke huyo wifi, na alimaanisha wifi. Lakini mtu ukimsemea mwenzako miaka sita, akienda huondoka na kipande chako.

Alikwenda siku ya Jumatano saa nne asubuhi, gundi ikiwa mkononi. Jirani yake mchomeleaji alisema aliketi chini kwenye maranda taratibu, kama mtu anayetafuta msumari ulioanguka, asiinuke tena. Walimzika kwa wazazi wake, safari ya basi ya kutwa nzima. Pale kaburini baba yake mdogo alisimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Wanaomdai walijitokeza wawili kabla vumbi halijatulia. Wanaodaiwa walikuwa mjini, wamekalia makochi yao, hawana habari.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mke wa fundi alikuja kwenye chumba cha nyuma ya duka la picha. Alikaa kwenye kiti cha mumewe. Alikuwa amekonda, lakini kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi.

"Wifi," alisema, "Mzee Tarehe amekuja."

Mzee Tarehe ni jina walilompa mwenye banda, kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine. Ukimwambia mvua imekuwa kubwa, anakuuliza leo tarehe ngapi. Fundi alikuwa nyuma kodi ya miezi mitano, jumla laki nne, na mkataba aliousaini ulisema kodi isipolipwa mali yake yote inakuwa ya mwenye banda. Mzee Tarehe alitoa pole, akavumilia siku saba, kisha akataja yake: tarehe thelathini.

"Nimeshapata fundi mwingine," mke alisema. "Kijana mstaarabu. Atakodi banda na mashine zote, atanilipa kila wiki. Watoto watabaki shule na mimi nitabaki kwenye chumba changu. Ila mashine zikichukuliwa, wifi, mimi mji huu sina changu. Nitarudi kwa wakwe nikalale kwenye kijumba cha kuku."

"Wateja wana zaidi ya hiyo laki nne mikononi mwao. Tuwaambie ukweli tu, watalipa."

"Nimeshamwambia mmoja."

Alikuwa amekwenda kwa mwenye mgahawa, aliyechukua meza sita na kulipia mbili. Mwenye mgahawa alishika kifua, akasema pole sana mama, tumepoteza mtu. Halafu akasema kwamba yeye na marehemu walishamalizana. Kwa mdomo. Lini? Siku ile. Siku ipi? "Yeye angekuambia, mama, kama angekuwepo."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na mwenye mgahawa huyo hakuhitaji kufundishwa. Maiti hana ubishi.

Mke wa fundi aliweka viganja viwili juu ya meza, katikati ya zile simu. "Waandikie kama kawaida. Wachekeshe. Usiseme amekufa. Ni mpaka tarehe thelathini tu. Nikishalipa kodi nitakwenda mlango kwa mlango niwaambie mwenyewe, na anayetaka kunitukana anitukane."

"Wifi, nilimsemea akiwa hai. Jioni alikuja kuyachukua maneno yake. Sasa haya nitampa nani?"

"Nipe mimi."

Bi Salamu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikumbuka pacha, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo. Pesa ilikuwa ya halali, alijiambia. Vitu vimechukuliwa, vimekaliwa, vimelaliwa. Uongo ulikuwa kwenye salamu tu. Mimi ningekuwa pale labda ningemwambia hivyohivyo, ingawa sote tunajua njia ya mwongo ni fupi.

Kesho yake alianza. Aliandika, "Habari ya asubuhi? Kabati langu linaendeleaje?" Mteja akajibu upesi, "Salama fundi! Wewe je, mzima?" Kidole kilisimama juu ya kioo. Nje mpiga picha alikuwa anamwambia mtu ainue kidevu. Bi Salamu aliandika, "Mimi mzima kabisa," akatuma, kisha akaenda kunawa mikono ingawa haikuwa michafu.

Pesa zikaanza kuingia. Marehemu hakuwahi kuchekesha namna ile. Alimtania muuza dawa kwamba kochi limemlalamikia uzito wake, akalipwa. Alimwandikia dereva mmoja kwamba kitanda chake kimeuliza kama ndoa bado ipo, akalipwa, na juu yake akaambiwa wewe fundi utakuja kuniua kwa kicheko. Waliomwita aje kukaza miguu ya viti aliwaambia amesafiri kidogo, atarudi. Bi Salamu alirudi nyumbani asijisomee tena meseji kwa sauti, na mama yake akajua. "Umekuwa mtu mmoja zaidi," mama alisema, "na huyo hanipendezi."

Katika siku kumi zilipatikana laki mbili na nusu. Mke wa fundi alizipeleka. Mzee Tarehe alizihesabu mara mbili, akaandika risiti, akasema imebaki laki moja na nusu na tarehe ni ileile. Siku hiyo mke wa fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Walikuwa wanaiona ng'ambo.

Hapo mambo yakakauka. Wenye kulipa walikuwa wameshalipa, na waliobaki walikuwa wale wa "kesho" na "keshokutwa". Isipokuwa mmoja tu mwenye pesa ya kumaliza kazi, naye ni mkunga.

Mkunga alikuwa mama mstaafu, mjane, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa upande ule wa mji. Alikuwa amechukua kitanda kikubwa na kabati, na alibakiza laki moja na nusu kamili. Hakuwa mkaidi. Alikuwa na tabia ya kulipa kwa mkupuo, siku anayoitaka yeye. Tena alimpenda fundi wa kwenye simu. Kila asubuhi alimpelekea dua na picha ya ua. Tarehe ishirini na saba aliandika hivi:

"Mwanangu fundi, pesa yako ipo tayari. Lakini siku hizi matapeli wanateka simu za watu. Jirani yangu amemtumia mwanawe pesa, kumbe si mwanawe. Nirekodie sauti yako kidogo nikusikie, nakutumia sasa hivi."

Bi Salamu aliandika kwamba koo linamuuma, sauti imekauka.

"Kohoa tu," mkunga alijibu. "Nitakujua."

Akamwita wifi yake. Mke wa fundi alikuja mbio, akasoma, akakaa. Kisha akatoa simu yake mwenyewe kwenye mkoba. Fundi hakupenda kurekodi, lakini mara moja, mchana mmoja, mkewe alipomwita chakula kinapoa, alimjibu kwa sauti. Sekunde nne. Nyuma yake ilisikika mashine ya kuranda ikizima. "Nipo, mama. Namalizia kitu kidogo hapa, nakuja sasa hivi."

Walisikiliza mara tatu. Ilikuwa sauti yake hasa, ile ya chinichini.

"Hapana," Bi Salamu alisema. "Hapa anasema anakuja."

"Anasema yupo. Yeye ameomba kusikia kama yupo."

"Wifi, nakusihi. Twende kwake sasa hivi, tukae chini, tumwambie. Yule ni mtu mzima, amezoea misiba."

"Mwenye mgahawa naye alikuwa mtu mzima." Mke wa fundi alihesabu kwa vidole. "Zimebaki siku tatu. Akisema na yeye walimalizana kwa mdomo, je? Utanipeleka wewe kwa wakwe?"

Bi Salamu alisogeza simu ya MAKOCHI kando ya ile ya wifi yake. Sauti ikahamishwa kutoka simu hadi simu, ikatumwa. Tiki mbili zikatokea, zikageuka buluu. Wanawake wawili wakakodolea kioo macho. Jibu likaja.

"Alhamdulillahi, nimekusikia mwanangu. Basi usisumbuke na mambo ya simu, kwa kuwa unakuja utachukua mkononi. Nakuwekea chai."

Waliandika kwamba asihangaike, atume tu. Mkunga akajibu kwamba mtu akishasema anakuja, anakuja. Baada ya nusu saa aliandika chai inapoa. Baada ya saa moja aliuliza amefika wapi. Baada ya saa mbili aliuliza kama yuko salama, maana bodaboda za siku hizi hazina breki. Bi Salamu aliandika udhuru, akaufuta, akaandika mwingine, akaufuta. Miaka sita hajawahi kukosa neno, na siku hiyo alikosa.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata mkunga alifanya alichofanya maisha yake yote mtu anapochelewa: alimfuata. Alifunga laki moja na nusu kwenye leso, akapanda gari, akafika bandani. Alikuta kufuli. Akamuuliza mchomeleaji wa jirani fundi yuko wapi.

"Fundi?" Mchomeleaji aliinua miwani yake. "Mama, fundi si tumeshamzika. Mwezi wa pili huu unaingia."

"Jana ameongea na mimi."

Mchomeleaji alimpa kiti. Mama yule aliyewahi kukata vitovu gizani, aliyeona watu wakija na wakiondoka, alikaa pale na leso yake mapajani, akatoa simu, akamsikilizisha. Nipo, mama. Nakuja sasa hivi. Mchomeleaji aliitambua sauti, akaiacha kazi yake siku hiyo.

Kufika adhuhuri zile sekunde nne zilikuwa zimeingia kundi la wastaafu, kundi la wazazi wa shule, kundi la mtaa, na makundi ambayo mkunga mwenyewe hakuyajua. Maneno yaliyoambatana nazo yalibadilika kila zilipopita, lakini kiini chake kilikuwa kimoja: fundi makochi amekufa na bado anadai.

Mwenye gesi alifika kabla ya saa tisa kuchukua simu yake. "Dada, hujanikosea kitu," alisema bila kuketi. "Ila mimi nataka wateja wangu wajue niko hai." Mwenye maji alimtuma mkewe. Mshonaji hakuja, alibadilisha tu laini.

Ndipo Bi Salamu alipofanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. Aliketi akawaandikia wateja wote wa makochi, mmoja mmoja, kwa jina lake mwenyewe. "Mimi naitwa Salamu, ni mwanamke ninayeandika meseji za fundi. Fundi alifariki. Niliendelea kuandika kwa sababu mke wake na watoto wake watanyang'anywa mashine tarehe thelathini, na mali mliyochukua haijalipwa. Nilikosea kusema yupo. Lakini pesa si uongo. Nawaomba mumlipe mjane." Ilikuwa meseji kavu kuliko zote alizowahi kutuma. Haikuwa hata na salamu.

Walijibu. Lazima niwape haki yao, walijibu kuliko walivyowahi kujibu. Pole sana. Poleni kwa msiba. Mungu amlaze mahali pema. Viganja vya kuomba, mishumaa, njiwa. Mwenye mgahawa alituma aya nzima kuhusu ubinadamu. Na kwa kuwa pole huitikiwa, Bi Salamu aliitikia, tumeshapoa, tumeshapoa, mpaka simu ikajifunza na kumwandikia yenyewe akigusa herufi ya kwanza.

Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni. "Wanasemaje?"

"Wanatupa pole."

"Wote?"

"Wote."

"Na pesa?"

"Wifi, wanatupa pole."

Walichokifanya wateja siku iliyofuata hakuna aliyekitazamia. Kochi la watu watatu lilikutwa mbele ya banda asubuhi na mapema, limeegemezwa mlangoni. Halina barua. Saa mbili zikaja stuli nne kwenye toroli. Saa nne, kabati. Meseji moja ilieleza: kitu cha mtu anayeongea kutoka kaburini sikitaki nyumbani kwangu, nina watoto wadogo. Mwingine alirudisha meza yenye alama za vikombe na akataka arudishiwe alichokwisha kulipa. Kulipa kungewaondolea hofu papo hapo, lakini kurudisha kulikuwa bure. Kufika magharibi mali ya fundi, kazi ya miaka, ilikuwa imerudi karibu yote na kujaa kando ya barabara, imechakaa, imechubuka, imetoboka.

Bi Salamu alipoiona alipata wazimu wa matumaini. "Wifi, hii tunauza! Hata kwa nusu bei, laki moja na nusu imo humu!" Asubuhi ya thelathini walitoka kulipopambazuka. Walipanga viti, wakavifuta vumbi, wakaandika bei kwenye maboksi. Pacha waliwekwa kwenye kiti cha mkono waonyeshe kwamba kinakalika. Watu walipita. Walitazama, wakanong'onezana, wakavuka upande wa pili. Hakusimama hata mmoja.

Mkunga ndiye aliyesimama, lakini hakuja kununua. Alikuja na kitanda chake kwenye mkokoteni. Alisubiri kishushwe, akamgeukia Bi Salamu.

"Ni wewe uliyekuwa unanisalimia?"

"Ni mimi, mama."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Hata nilipofiwa na mdogo wangu? Zile meseji za kila siku?"

"Hata zile."

Mkunga alitikisa kichwa taratibu. "Zilinishika mkono zile. Sasa sijui nilikuwa nashukuru nani." Aliikunja leso yake tupu mara mbili, tatu. "Juzi nilikuja hapa na pesa yote. Ningemkuta mtu mlangoni akaniambia fundi amekufa, ningempa pale pale na juu yake ningetoa rambirambi. Sasa kitanda chenu hiki hapa, na kabati linakuja. Hatudaiani."

Bi Salamu alitaka kumshika miguu. Alitaka kumwambia mama, kosa ni langu, mwadhibu mimi, usimwadhibu huyu. Alilisema. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wewe unaandika vizuri, mwanangu. Nitajuaje?" Akaondoka na mkokoteni wake.

Saa tatu lori lilisimama. Mzee Tarehe alishuka na mkataba kwenye bahasha, akavua kofia, akawapa mkono wote, hata pacha. Hakuwa mtu mbaya; ningefurahi angekuwa mbaya, ningekuwa na wa kumlaani. Alisoma kifungu kwa sauti ya kuomba radhi: mashine, vifaa, na mali yote itakayokutwa ndani ya banda na mbele ya banda.

"Hivi vya mbele vimerudi jana tu, mzee," Bi Salamu alisema. "Vilikuwa kwa watu."

"Naelewa, mama. Lakini karatasi haisemi vimerudi lini."

Wapagazi walianza na mashine ya kuranda. Ilihitaji watu wanne. Ikafuata cherehani ya kushonea makochi, patasi, vibano, hata mfuko wa misumari. Kisha wakaja kwa vitu vya barabarani. Kochi, stuli, kitanda cha mkunga, na kabati lake lililofika wakati huohuo na kupandishwa moja kwa moja kutoka mkokoteni hadi lori. Simu iliyokuwa mfukoni mwa Bi Salamu ilitetemeka. Mtu mwingine alikuwa ametuma pole. Hakuijibu.

Mke wa fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkono, pacha mmoja kila paja, anatazama bila kulia. Kilikuwa kimebaki hicho tu. Mpagazi mmoja alisimama mbele yake, akajikuna shingo, akamtazama Mzee Tarehe, kisha akainama kwa adabu.

"Samahani, mama. Tunaomba na hicho."

Mke wa fundi aliinuka. Aliwashusha watoto, akaona kwamba viatu vyao vimeacha udongo kwenye kitambaa, akaufuta kwa ncha ya mtandio wake mpaka ukatoka, kisha akasogea pembeni ili wapite.